Tarehe Moja, Matukio Mengi: Sadfa, Hesabu au Mkono wa Mtu?

Tarehe 4 Julai 1826 Marekani ilikuwa ikisherehekea miaka 50 ya Tangazo la Uhuru. Karibu na adhuhuri Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu ya tangazo hilo, alikata roho nyumbani kwake Virginia akiwa na miaka 83. Saa chache baadaye, huko Massachusetts, John Adams naye akafa akiwa na miaka 90. Wawili hao waliandaa tangazo katika kamati moja, wakaja kuwa mahasimu wa kisiasa, kisha wakapatana uzeeni kwa kuandikiana barua. Tarehe 4 Julai 1831 akafuata James Monroe. Marais watatu kati ya watano wa kwanza wa nchi hiyo, wote tarehe moja. Wengi wa wakati ule hawakusita kusema ni mkono wa Mungu.

Habari za namna hii zina wapenzi wengi. Kurasa za "siku kama ya leo" hupanga vita, vifo, uhuru na uvumbuzi chini ya tarehe moja, kisha humwachia msomaji ashangae mwenyewe. Tabu yake ni kwamba zinachanganya mambo yasiyofanana. Yapo yaliyokutana kwa nasibu tupu, na yapo yaliyokutanishwa na watu waliokaa mezani wakachagua siku. Mengine moja lilimzaa mwenzake. Na yapo ambayo kwa kweli hayakutokea siku moja kabisa. Kalenda ndiyo inayotuchezea.

Hesabu kwanza, maana ndiyo inayomaliza maajabu mengi. Mwaka una tarehe 366 ukiihesabu 29 Februari. Ukichukua matukio mawili ovyo ovyo, uwezekano wa kuangukia tarehe moja ni takriban 1 kati ya 365, mdogo kweli. Lakini historia haina matukio mawili tu. Chukua 23. La pili lina mwenzake mmoja wa kulinganishwa naye, la tatu lina wawili, na kuendelea hadi la 23 lenye wenzake 22. Ukijumlisha unapata jozi 253, na kila jozi ni nafasi nyingine ya tarehe kugongana. Ndiyo maana matukio 23 yanatosha kuufanya uwezekano wa angalau mawili kuchangia tarehe upite nusu, na yakifika 57 uwezekano huo ni asilimia 99. Kitabu cha historia cha wastani kina tarehe nyingi kuliko hizo. Ukikutana na kimoja ambacho hakina tarehe iliyojirudia, hapo ndipo pa kushangaa.

Juu ya hesabu kuna uchaguzi wetu wenyewe. Mwanafizikia Stephen Hawking alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya kifo cha Galileo, akafariki 14 Machi 2018, tarehe aliyozaliwa Albert Einstein mwaka 1879. Inapendeza, sivyo? Hawking mwenyewe alikuwa akitania kwamba kwa makadirio yake watoto wapatao 200,000 walizaliwa siku aliyozaliwa yeye. Tarehe 14 Machi, mwaka 1883, ndipo alipofariki Karl Marx pia, lakini sijaona anayemtaja Marx katika habari za Hawking, kwa sababu hana kazi katika hadithi hiyo. Tunaokota yanayolingana, mengine tunayaacha chini.

Marais wa Marekani nao wana uchaguzi wa aina hiyo uliojificha. Bunge la makoloni lilipiga kura ya kujitenga na Uingereza tarehe 2 Julai 1776, na Adams alimwandikia mkewe kwamba vizazi vijavyo vitaisherehekea siku hiyo ya pili. Tarehe 4 ni siku ambayo maandishi ya tangazo yalipitishwa. Wajumbe wengi walitia saini tarehe 2 Agosti. Kama Wamarekani wangeishika tarehe aliyoitabiri Adams, vifo vile vitatu vingekuwa vya wazee waliokufa mwezi Julai, basi. Kinachobaki kigumu kueleza ni Jefferson na Adams kufa siku moja ya mwaka mmoja. Waliomuuguza Jefferson walisimulia kwamba aliuliza kama tarehe nne imeshafika, na wapo wanaoamini kuwa mgonjwa anaweza kujikaza aione siku anayoithamini. James Madison, rais wa nne, inasimuliwa kwamba waliomhudumia walitaka kumpa dawa za kumsogeza hadi 4 Julai 1836. Alikataa, akafa tarehe 28 Juni, akaiharibu orodha.

Nasibu tuiache hapo. Tarehe inayofundisha zaidi ni ya Wajerumani: 9 Novemba.

Mwaka 1918 hakuna aliyeichagua. Uasi wa mabaharia wa Kiel ulikuwa umesambaa kwa siku kadhaa hadi ukafika Berlin, na asubuhi hiyo wafanyakazi wakamiminika mitaani. Kansela Max von Baden alitangaza kwamba Kaisari Wilhelm II ameachia kiti, ilhali Kaisari mwenyewe alikuwa bado hajakubali. Mchana Philipp Scheidemann akatangaza jamhuri kutoka kwenye jengo la Bunge. Saa chache baadaye Karl Liebknecht akatangaza ya kwake, ya kisoshalisti, kwenye kasri. Kwa wazalendo wa mrengo wa kulia siku hiyo ikawa alama ya usaliti, na viongozi wa jamhuri wakabandikwa jina la "wahalifu wa Novemba".

Usiku wa 8 Novemba 1923, mkesha wa mwaka wa tano wa siku hiyo, Adolf Hitler aliuvamia mkutano wa kisiasa katika ukumbi wa bia wa Bürgerbräukeller mjini Munich, akafyatua risasi darini na kutangaza kuwa mapinduzi yameanza. Asubuhi yake, tarehe 9, akaongoza msafara kuelekea uwanja wa Odeonsplatz. Polisi wakawazuia, risasi zikarushwa, askari 4 na wafuasi wake zaidi ya 10 wakafa. Mapinduzi yakaishia hapo.

Kuanzia hapo tarehe inaanza kufanya kazi yenyewe. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 waliigeuza 8 na 9 Novemba kuwa siku yao kuu, na kila mwaka vigogo wa chama walikusanyika Munich kuwakumbuka waliokufa. Tarehe 7 Novemba 1938 kijana Myahudi wa miaka 17, Herschel Grynszpan, alimpiga risasi mwanadiplomasia wa Ujerumani mjini Paris, Ernst vom Rath. Vom Rath akafa alasiri ya tarehe 9. Taarifa ya kifo iliwakuta vigogo wakiwa mezani katika jumba la zamani la halmashauri ya Munich, kwenye chakula cha jioni cha kumbukumbu. Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, akasimama akatoa hotuba ya uchochezi, na wakuu wa mikoa wakaenda kwenye simu kuwapa amri watu wao. Usiku ule na siku iliyofuata masinagogi zaidi ya 1,000 yalichomwa au kuharibiwa, maduka ya Wayahudi yapatayo 7,500 yakavunjwa, na wanaume Wayahudi wapatao 30,000 wakakamatwa na kupelekwa katika kambi za mateso.

Kifo cha Vom Rath kuangukia tarehe 9 kilikuwa nasibu. Wakuu wa chama kuwa chini ya paa moja jioni hiyo, wakiwa wametoka kulia wafu wao, kulipangwa miaka mitano kabla. Chuki yenyewe haikuhitaji kalenda, na mateso kwa Wayahudi yangeendelea hata kama Vom Rath angepona. Ila amri kuruka nchi nzima kwa saa chache kulirahisishwa na karamu.

Mtu mwingine alikuwa ameshaielewa kalenda hiyo. Georg Elser, seremala aliyempinga Hitler, alijua kwamba kila tarehe 8 Novemba usiku Hitler atahutubia Bürgerbräukeller. Kwa wiki nyingi alijificha ukumbini usiku na kuchimba nguzo iliyokuwa nyuma ya jukwaa, akaweka bomu lenye saa. Mwaka 1939 bomu lililipuka saa 3:20 usiku kama alivyokusudia na kuua watu 8. Hitler alikuwa amefupisha hotuba na kuondoka dakika 13 kabla. Elser alichagua tarehe kwa sababu mlengwa wake alikuwa mtumwa wa tarehe.

Kisha 1989, na hapa tunarudi kwenye nasibu, tena ya kuchekesha. Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, aliingia kwenye mkutano na waandishi wa habari na karatasi aliyokabidhiwa bila kuelezwa vizuri. Kanuni mpya ya kuruhusu watu kusafiri ilikusudiwa kutangazwa alfajiri ya tarehe 10, ili vituo vya mpakani vijiandae. Saa moja kasoro jioni, mkutano ukielekea ukingoni, akaisoma. Akaulizwa: inaanza lini? Akapekua karatasi zake, akababaika, akajibu kwamba kwa anavyojua yeye ni mara moja, bila kuchelewa. Habari ikaruka kwenye televisheni, watu wakafurika mpakani. Kituo cha Bornholmer Straße afisa wa zamu, Harald Jäger, aliwapigia wakubwa wake simu mara kadhaa bila kupata amri inayoeleweka, na karibu saa 5 na nusu usiku akaamua mwenyewe kufungua. Karatasi ile ingesomwa kwa makini, pengine Ukuta wa Berlin ungefunguka tarehe 10, na 9 Novemba ingekosa furaha yake pekee ya karne nzima.

Wajerumani walipotafuta siku ya kuadhimisha muungano wao, 9 Novemba ilikuwa inajipendekeza, lakini nani angecheza muziki usiku wa kumbukumbu ya masinagogi kuchomwa? Wakabaki na 3 Oktoba 1990, siku muungano ulipokamilika kisheria. Hata hiyo ilipatikana kwa kubanana: ilibidi kwanza mawaziri wa nje wa Ulaya wajulishwe makubaliano, na wengi hawakutaka Ujerumani Mashariki iishi hadi tarehe 7 Oktoba ikaadhimishe mwaka mwingine wa kuzaliwa kwake.

Tarehe za kuchaguliwa mtu akishaanza kuzitafuta haziishi. Tarehe 18 Januari 1701 Prussia, dola ya Kijerumani, ilipata mfalme wake wa kwanza. Tarehe 18 Januari 1871 Wajerumani, wakiwa wameishinda Ufaransa, waliichagua siku hiyo kutangaza milki yao, tena ndani ya kasri la Versailles. Ufaransa ikameza. Ilipofika zamu yake ya kushinda, Mkutano wa Amani wa Paris ulifunguliwa tarehe 18 Januari 1919, na Rais Raymond Poincaré aliwakumbusha wajumbe waziwazi kwamba ni miaka 48 kamili tangu milki ile izaliwe. Matukio matatu na nasibu haimo hata chembe. Kila mmoja alikuwa akimjibu aliyetangulia.

Ukoo wa Bonaparte nao una 2 Desemba. Napoleon alitawazwa kuwa mfalme mkuu siku hiyo mwaka 1804, na mwaka uliofuata akashinda vita vya Austerlitz tarehe ileile, ushindi ambao maadui walikuwa na sehemu katika kuupangia siku. Mpwa wake Louis-Napoléon hakutegemea bahati: alipoamua kuipindua katiba alichagua 2 Desemba 1851, na mwaka mmoja baadaye, 2 Desemba tena, akawa Napoleon III. Alikuwa akiazima utukufu wa mjomba aliyezaliwa na baba mmoja na baba yake, yaani kwetu tungesema baba mkubwa.

Watawala wapya wa Afrika walijua mchezo huu. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya ilifanya vivyo hivyo kwa 12 Desemba, 1963 na 1964. Sikukuu moja, mambo mawili makubwa. Ghana ilipata uhuru 6 Machi 1957, tarehe iliyobeba Mkataba wa 1844 ambao machifu wa pwani walitia saini na Waingereza. Vyama vya TANU na ASP vilipoungana kuwa CCM, siku iliyochaguliwa ilikuwa 5 Februari 1977, ASP ikitimiza miaka 20. Mara nyingine anayechagua ni mgeni anayeondoka: Lord Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Kiingereza nchini India, alieleza baadaye kwamba aliitaja 15 Agosti 1947 kwa uhuru wa India kwa sababu ilikuwa mwaka wa pili tangu Japani isalimu amri, jambo lililomgusa yeye aliyekuwa mkuu wa majeshi ya washirika Asia ya Kusini Mashariki. Korea Kusini nayo ilitangaza jamhuri 15 Agosti 1948, ikikumbuka siku hiyohiyo ya kuondokewa na Wajapani. Wakorea na Wahindi wanasherehekea tarehe moja kwa sababu mzizi ni mmoja.

Tarehe mosi zina maelezo mafupi. Sudan 1 Januari 1956, Cameroon 1 Januari 1960, Wacheki na Waslovakia kuachana 1 Januari 1993: mihuri na bajeti hupenda kuanza na ukurasa mpya. Rwanda na Burundi zote zikapata uhuru 1 Julai 1962, na hapo hakuna fumbo, maana zilikuwa eneo moja la udhamini chini ya Ubelgiji, na Umoja wa Mataifa uliukomesha udhamini huo kwa pamoja.

Sasa kalenda yenyewe. Inapendwa kusemwa kwamba William Shakespeare na Miguel de Cervantes walikufa siku moja, 23 Aprili 1616, na UNESCO iliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya vitabu duniani. Lakini Uhispania na Uingereza hazikuwa zikihesabu siku kwa namna moja. Kalenda ya zamani, aliyoiweka Julius Caesar, iliuchukulia mwaka kuwa wa siku 365 na robo, urefu unaozidi mwendo wa jua kwa kama dakika 11. Dakika 11 si kitu kwa mwaka; kwa karne nyingi zikawa siku 10, na Pasaka ikaanza kuhama majira yake. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII akazifuta siku hizo 10: baada ya 4 Oktoba ikaja 15 Oktoba. Mtawa Teresa wa Ávila alifariki Uhispania usiku uleule, kwa hiyo ni sahihi kabisa kusema alikufa tarehe 4, usiku wa kuamkia tarehe 15.

Uingereza ya Kiprotestanti haikutaka kufundishwa kalenda na Papa, ikaendelea na ya zamani hadi 1752, ambapo 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba. Kwa hiyo 23 Aprili ya Shakespeare ilikuwa 3 Mei huko Uhispania. Cervantes naye alifariki tarehe 22. Tarehe 23 ndiyo aliyozikwa. Waandishi wale walikufa kwa kupishana siku 11.

Mkasa huohuo umempata Isaac Newton. Husemwa alizaliwa mwaka aliokufa Galileo, kana kwamba mmoja alimpokeza mwenzake taa. Galileo alifariki Italia tarehe 8 Januari 1642, kwa kalenda mpya. Newton alizaliwa Uingereza siku ya Krismasi 1642, kwa kalenda ya zamani. Italia siku hiyo ilikuwa 4 Januari 1643. Urusi ilichelewa zaidi, hadi 1918, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yakawa yanaadhimishwa Novemba.

Hata kalenda ikiwa moja, saa hazilingani. Ujerumani ilipothibitisha kusalimu amri mjini Berlin usiku wa 8 Mei 1945, Moscow ilikuwa imeshaingia tarehe 9, na hadi leo Ulaya Magharibi na Urusi husherehekea ushindi mmoja kwa siku mbili. Neil Armstrong alikanyaga Mwezi tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Houston. Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya tarehe 21.

Tukio linaloyakusanya haya yote ni vita vya 6 Oktoba 1973, Misri na Syria zilipoishambulia Israeli. Kwa Waisraeli ilikuwa Yom Kippur, siku ya toba na kufunga, na vita vinabeba jina hilo. Kwa Wamisri ilikuwa 10 Ramadhani 1393, na shambulio lilipewa jina Badr, vita ambavyo Mtume Muhammad alishinda ndani ya Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria. Siku moja, kalenda tatu, na kila kalenda inaipa siku hiyo ndugu wengine. Serikali ya Misri ikaamua gwaride la kila mwaka lifanyike 6 Oktoba. Tarehe 6 Oktoba 1981, Rais Anwar Sadat akiwa jukwaani anakagua gwaride hilo jijini Cairo, askari wakaruka kutoka kwenye lori lililokuwa likipita, wakamuua. Wapangaji hawakuhitaji kutafuta atakuwa wapi. Kwa Hijria matukio hayo mawili hayakaribiani hata kidogo: mwaka wa miandamo ya mwezi ni mfupi kwa kama siku 11, na kufikia 1981 Oktoba 6 ilikuwa imeshaangukia mwanzoni mwa Mfunguo Tatu, karibu na Idi ya kuchinja. Gwaride lilifuata kalenda ya jua, na wauaji walilifuata gwaride.